Mkalimani wa Helikopta

Karatu mjini tulimwita Mkalimani, na mpaka leo ukitaja jina lake la ubatizo kuna watu watakuuliza huyo ndiye nani. Alikuwa na banda la video nyuma ya soko, la mabati, madirisha yamezibwa kwa viroba vya mbolea ili mwanga usiingie. Miaka ile ya tisini umeme ulikuwa haujafika kwetu. Yeye alikuwa na jenereta, televisheni moja yenye mgongo mkubwa, deki, na kasha la kanda. Kanda zote zilikuwa za kitu kimoja, tamthilia ya Kizungu ya helikopta ya jeshi. Zikiisha anaanza upya ya kwanza. Watu hawakuchoka, kwa sababu hawakuwa wakija kuangalia tu. Walikuja kumsikiliza yeye.

Anasimama kando ya televisheni, ameshika fimbo ya mti wa kahawa, na kila Mzungu akifungua mdomo yeye anatuambia amesema nini. Siku ya mnada, wakija wazee wa Kiiraqw kutoka Ganako, Kiswahili anakichanganya na Kiiraqw. Hakuwahi kusema sijasikia. Hakuwahi kusema hilo neno silijui.

Kanda moja tu hakuionyesha. Ilikuwa ya mwisho kwenye kasha. Vijana walimsumbua sana, mzee, tuone mwisho, huyu Rubani anafikia wapi? Anawajibu neno moja, "Bado." Mwaka unaisha, mwingine unaanza, bado.

Sijui alizaliwa kijiji gani wala baba yake alikuwa na ng'ombe wangapi, sikuwahi kuuliza. Ninachojua ni kwamba kabla ya banda alikuwa mpishi kwenye shamba la kahawa kule Oldeani, na meneja wa Kizungu alipofunga mizigo kurudi kwao alimwachia vyombo vile vyote. Alimwachia na koti jeupe la mpishi. Siku za kuonyesha video alilivaa, limepigwa pasi, vifungo vyote vimefungwa mpaka shingoni. Chini amevaa raba za kulimia. Akimaliza kazi analivua, analitundika, anakuwa mzee wa kawaida tena anayekwenda kufunga mbuzi wake.

Helikopta yenyewe ilikuwa ya rangi ya masizi. Ilikuwa na ufundi wa ajabu. Ikitaka inazima kelele zote, inapita juu ya maadui kama bundi, ndiyo maana tukaiita Kimya. Ilikuwa na kioo cha kuona mpaka ndani ya nyumba kupitia bati. Mkalimani alitueleza, "Hapa imewaona, wako wanne, na mmoja anakunywa chai." Mama mmoja muuza vitunguu akasema basi ipite kwangu iniambie kama maharage yameiva. Mzee mmoja wa Kimaasai, aliyekuja mnadani akitokea Endulen, aliangalia kanda nzima ameegemea fimbo yake, mwisho akauliza, "Hii inalala wapi?" Akaambiwa inalala ndani ya jabali, hakuna anayejua mlango. Akatikisa kichwa. Alisema mtu mwenye kitu cha namna ile na hana hata ndama mmoja wa kuchunga, huyo ana shida nyumbani. Mkalimani hakucheka. Alimjibu, "Anayo, ndugu yangu. Subiri mwisho."

Na mwisho ulikuwa mmoja siku zote. Maadui wameshapigwa, jua linazama, Kimya inarudi, na Rubani anasema maneno machache kwenye redio. Mkalimani anashusha fimbo, anasubiri kidogo, halafu anasema taratibu, "Mama, niwekee chakula. Narudi." Hapo anazima.

Sasa kuhusu kitenge. Juu ya televisheni kilikaa kitenge cha mkewe, cha njano chenye maua ya bluu. Wazungu wakianza kusogeleana midomo, kitenge kinashuka. Mtu akipigwa risasi na damu ikaanza kutoka, kinashuka pia. Chini ya kitenge sauti inaendelea, muziki, milio, vilio, na yeye anatutazama usoni bila hata kutabasamu, anasema, "Hapa wanasalimiana." Vijana wa nyuma wote kwa pamoja wanaitika, "Marahabaa!" Kitenge kinapanda, tunaendelea.

Mimi niliingia bandani mara ya kwanza kwa kutumwa. Mchungaji wetu alikuwa amesikia kuna uchafu unaonyeshwa, wazee wa kanisa wakasema mama mmoja aende akaone. Wakanichagua mimi kwa kuwa duka langu la vitambaa lilitazamana na banda lile, na kwa kuwa wananijua, nikisema nimeona, nimeona. Nilikaa benchi la mlangoni, Biblia kwenye mkoba, nimejiandaa kutoka wakati wowote.

Rubani akapanda, akajifunga mkanda, akaanza kubonyeza vitufe huku midomo inatembea. Mkalimani akasema, "Anaomba. Baba, tunatoka sasa, tulinde, na mafuta yatoshe." Bandani watu kama watatu wakasema amina. Na mimi nikajikuta nimesema.

Mchungaji aliponiuliza nimeona nini, nikamwambia nimeona kitenge. Nikamweleza kinavyofanya kazi. Akasema basi, acheni huyo mzee.

Toka siku ile nikawa naingia mara moja moja, nikishafunga duka. Pembeni yangu, benchi lile la mlangoni, alikaa mkewe. Sote tulimwita Bibi. Kiswahili alikijua kidogo, cha sokoni. Hakuongea na mtu. Helikopta ikipigana alikuwa anaokota mawe kwenye ungo wa mchele, hata hanyanyui kichwa. Lakini jua la kwenye video likianza kuzama anaweka ungo chini. Anasikiliza yale maneno ya mwisho, anafunga kanga yake kiunoni, anatoka kabla ya watu wote. Anakwenda kupika.

Mkalimani mwenyewe alikuwa mtu wa kukushangaza. Aliyekuwa anatusafirisha angani kila Jumamosi, mwenyewe hakuweza kupanda ngazi. Banda likivuja anamwita mtu. Kanisa lilipokodi lori tukaenda mpaka ukingoni kuangalia bonde la Ngorongoro, yeye alishuka pale pa kuangalia, akageuza mgongo, akakaa kuangalia lori. Nilimwambia, Baba, njoo uone ziwa, lile kule chini linang'aa. Akasema, "Niambie tu likoje, nitaamini."

Tena alikuwa mkweli kiasi cha kuudhi. Ukimuuliza kama kitambaa hiki kinakupendeza, atakuambia hakikupendezi, mbele ya wateja wangu. Aliwahi kumrudia muuza mahindi jioni, na mvua inanyesha, kwa sababu amepimiwa zaidi. Watu wakamletea kanda ya karate, wakamwomba aitafsiri, wamechoka na helikopta. Akaishika, akaigeuza, akawarudishia. Alisema, "Hii lugha siijui, nitawadanganya." Vijana wakacheka sana. Mimi nilicheka nao, kwa sababu wakati ule nilikuwa bado naamini ile ya helikopta anaijua.

Shule mimi niliishia darasa la nne. Nikiwa tayari na watoto watatu nikaanza madarasa ya jioni, kwanza kuandika vizuri na hesabu, baadaye Kiingereza, maana magari ya watalii yalikuwa yanasimama mbele ya duka na mimi nabaki kunyoosha vidole. Mume wangu alisema nitachoka. Sikuchoka. Nilikuwa nakwenda na daftari na tochi, nikirudi naimba maneno mapya njiani kama mtoto.

Basi Jumamosi moja nikiwa bandani masikio yakafunguka. Rubani amekaa, anabonyeza vitufe, anasema namba. Namba tupu, moja baada ya nyingine. Hakuna Baba tulinde. Nikajiambia labda maombi yao yana namba. Ikafika mwisho, jua linazama, Bibi ameweka ungo chini. Rubani akasema mafuta yamebaki kidogo. Neno la mafuta tulikuwa tumefundishwa wiki ileile. Mkalimani akasubiri kidogo kama kawaida yake, akasema, "Mama, niwekee chakula. Narudi."

Nilisubiri watu watoke. Alikuwa anafuta deki kwa kitambaa.

"Baba, yule hasemi mama. Anasema mafuta yamebaki kidogo."

Hakushtuka. "Na mwenzake anamjibu nini?"

"Anamwambia atue."

"Basi sijakosea sana. Mtu akitua si anakuja nyumbani?"

"Baba, mimi sitanii."

Akaweka kitambaa. Akaniambia Kiingereza chake ni cha jikoni, anajua chumvi, anajua moto, anajua lete na ondoa, na kwenye kanda zile zote hakuna anayeomba chumvi. Halafu akanieleza habari nyingine, amesimama hivyohivyo na koti lake. Mtoto wao wa kwanza alikwenda vita vya Uganda. Waliorudi walirudi. Wa kwao hakurudi, na hakuna aliyekuja kuwaambia amekufa, wala amezikwa wapi. Asubuhi ile anaondoka alisimama mlangoni akamwambia mama yake, niwekee chakula, narudi. Mama alimwekea. Baadaye akaacha kupika kabisa, akaacha na kuongea. Yeye mume ndiye alikuwa anarudi na masufuria kutoka jikoni kwa Mzungu ili wale. Ikawa hivyo miaka. Siku ya kwanza ya banda alimleta mkewe ili tu asibaki peke yake nyumbani, na ile helikopta ilipoanza kurudi jua likizama, maneno yakamtoka yenyewe.

"Alinyanyuka akaenda nyumbani akapika," aliniambia. "Makande. Hayakuwa na chumvi. Nikala yote."

Mimi nimelelewa kwamba uongo ni uongo, haupungui kwa sababu umeusema kwa upole. Nikamwambia hivyo. Nikamwambia, "Mimi uongo sisemi, Baba. Ila kama hakuna aliyeniuliza, sina la kusema."

"Na mimi nikikuuliza siku moja?"

"Nitakwambia kilichosemwa."

"Sawa. Leo sikuulizi." Akaliangalia lile kasha la kanda. Akasema ile ya mwisho aliwahi kuianza akiwa peke yake. Aliona Kimya inashika moto na kuanguka bondeni, akazima palepale. Hajui kama Rubani alitoka. Hataki kujua, na mkewe hapaswi kuiona kabisa. Akachukua fimbo yake, tukafunga banda.

Jambo lile nililipeleka kwenye maombi kwa muda mrefu. Sikupata jibu la kukataza. Nikaendelea kukaa benchi lile, pembeni ya Bibi, nikisikia maneno mawili kwa wakati mmoja, ya Rubani na ya Mkalimani. Nikimaliza nafunga mkoba wangu, naenda nyumbani kupika na mimi.

Halafu ikaja helikopta ya kweli. Ilikuwa miezi ya baridi, ukungu umeshuka kutoka msituni mpaka juu ya nyumba. Ilikuwa ya watu waliokuja kuhesabu wanyama, ikashindwa kuona njia, ikatua uwanja wa shule. Karatu nzima ilikimbia. Maduka yaliachwa wazi, langu pia. Watu wanapiga kelele, "Kimya! Kimya!" na yenyewe inanguruma mpaka mabati ya shule yanatetemeka. Vijana walivunjika moyo kidogo kwa kelele zile. Wengine wakasema rubani amesahau kuzizima.

Mkalimani hakusogea. Alibaki nje ya uzio wa shule, ameshika nguzo kwa mikono miwili.

Ila Bibi alipita katikati ya watu. Alikuwa na bakuli la bati limefunikwa kwa sahani, amelizungushia kanga. Watu wakampisha, maana kila mmoja wetu alikuwa anayajua yale maneno, niwekee chakula, na hakuna aliyeona ajabu kwamba amewekewa. Rubani alikuwa kijana wa Kitanzania, miwani myeusi. Akamwona mama mzee amesimama mbele yake na bakuli. Akavua miwani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Kula."

Kijana akawaangalia wakubwa zake, akaliangalia bakuli. Akala amesimama, makande yanatoa moshi kwenye baridi ile, akamaliza. Akamrudishia bakuli kwa mikono miwili. Bibi akalifunika tena na sahani kana kwamba limejaa, akaondoka.

Alipofika kwenye uzio nilikuwa nimeshafika hapo. Alisema kwa Kiswahili, ili na mimi nisikie, au kwa sababu nyingine sijui. "Amekula yote. Siyo yeye. Lakini alikuwa na njaa."

Mkalimani alikuwa bado ameshika nguzo.

"Jumamosi utaonyesha?" Bibi akamuuliza.

"Nitaonyesha."

"Basi." Akaenda na bakuli lake. Jumamosi akaja, akakaa, akaweka ungo chini palepale pa kila siku. Mimi nilikuwa nadhani huyu mama anadanganywa. Kumbe alikuwa anakuja kwa miguu yake, anajua anakuja kusikia nini.

Umeme ulipoingia mjini banda lilianza kupungua watu. Baa zikaweka madishi, vijana wakahamia kwenye mpira. Kuna Jumamosi tulikuwa watu wanne, na Mkalimani amevaa koti lake, amefunga vifungo vyote, anasimulia kama tuko mia. Bibi akaanza kuumwa miguu, ugonjwa ukapanda mpaka kifuani. Alifariki kabla ya Pasaka, tukamzika shambani kwao njia ya Ganako. Banda halikufunguliwa tena. Mabati yalinunuliwa na mtu wa kufuga kuku.

Macho ya mzee yalikuwa yameshaanza kufunikwa na ukungu mweupe, hospitali walitaka kumpasua, akasema amekwishaona vya kutosha. Nilikuwa namtembelea Jumapili baada ya ibada, nampelekea uji wa ulezi. Ananiuliza mahubiri yalikuwaje. Nikimwambia yalikuwa marefu, anasema heri yeye aliyekaa na mbuzi.

Jumapili moja nikakuta amevaa koti jeupe. Vifungo vyote. Televisheni iko mezani, fundi redio ameshapita kuisafisha deki, na kitenge cha njano kimekunjwa juu kama zamani. Kanda ile ya mwisho alikuwa ameishika mkononi.

"Mama Neema, kaa. Leo nakuuliza."

Nilijua ananiuliza nini. Nikaweka chupa ya uji chini, nikakaa. Nikaomba kimoyomoyo kanda iwe imeoza. Haikuoza. Picha ilikuwa na mistari, sauti inakwaruza, lakini ilitembea. Mwenyewe alikaa karibu kabisa, ameinamisha sikio. Kimya ikapaa. Zile namba zikasemwa, na yeye akasema taratibu, "Anaomba," mimi nikanyamaza, hakuwa ameniuliza hapo.

Ikashika moto. Nilimwona anasikia mlio ule na kukaza vidole kwenye fimbo. "Hapa ndipo nilipozima," akasema. "Kuanzia hapa uniambie."

Kiingereza changu hakikuwa kingi, lakini watu waliofika mwisho hawasemi maneno magumu. Fundi mmoja mzee wa helikopta, rafiki yake Rubani, alishuka bondeni akikimbia, akamvuta kutoka kwenye moshi, akamlaza kwenye majani.

"Amemtoa," nikasema. "Yuko hai. Anaongea."

"Anasemaje?"

"Anasema anasikia baridi."

"Eeh."

"Anamwambia mwenzake asiondoke."

"Hajaondoka?"

"Hajaondoka. Amemshika kichwa."

Akangoja. Sauti ya Rubani ilikuwa inashuka, mpaka ikabidi nisogee na mimi. Mzee akageuza uso upande wangu, macho meupe kabisa.

"Hajasema mama?"

Nilikuwa na neno hilo mdomoni. Lingetoka vizuri kabisa, na hapakuwa na mtu mwingine wa kulisikia.

"Hajasema, Baba."

"Anarudi?"

"Harudi."

Akatikisa kichwa mara moja, kama mtu aliyepimiwa kitu na kipimo kiko sawa. Kwenye televisheni yule fundi alikuwa amevua kofia. Likaanza tarumbeta la mazishi. Mzee akasimama. Akapapasa juu ya televisheni mpaka akakipata kitenge, akakikunjua, akakishusha, akakinyoosha pembe zake kwa vidole pande zote mbili. Tarumbeta likaendelea chini ya yale maua ya bluu. Halafu akarudi mahali pake pa kusimamia, kando, fimbo mkononi, akainua uso kutazama chumba kama vile mabenchi yote yamejaa.

"Hapa wanasalimiana," akasema.

Nikaitika peke yangu. "Marahaba."